Siku Niliyomtoa Bwana Afya

Siku mliponiaga pale ukumbini, msemaji wenu alishika kipaza sauti akasema kwamba Mama Kulwa ameitunza bahari ya Kahama zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuua kiumbe kwa uzembe. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimevishwa kitenge kipya, mdomo umejaa keki, nami nikapiga makofi pamoja nanyi.

Neema na Jofrey, mliniomba niwaandikie jinsi ya kulitunza tangi, kwa kuwa sasa limebaki mikononi mwenu. Nitawaandikia. Lakini nitaandika pamoja na lile ambalo msemaji hakuambiwa. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Mishahara ya hapa mnaijua wenyewe, haihitaji kurasa.

Niliingia hotelini kuosha vyombo. Nilikuwa nimetoka kijijini, upande wa Bulyanhulu, binti wa mfugaji, na mapacha wawili mgongoni na kifuani. Baba yao alikwenda kuchimba dhahabu akachimba moja kwa moja, mpaka leo hajatoka kwenye hilo shimo lake. Mwenye hoteli alikuwa Bhai, mtoto wa wafanyabiashara wa Kihindi waliohama Tanga zamani wakafungua duka la vitambaa mjini. Migodi ilipoanza kuleta wageni, Bhai akaongeza vyumba, na katika ukumbi wa chakula akaweka kile mnachokijua: tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha watu wawili, limejaa maji ya chumvi na samaki wa baharini. Bahari yenyewe iko mbali mno. Basi la siku zile lilikuwa linakufikisha Tanga umesahau ulikuwa unakwenda kufanya nini.

Tangi halikuwekwa kwa ajili ya wageni. Liliwekwa kwa ajili ya mama yake Bhai, tuliyemwita Bi Mkubwa. Alizaliwa Tanga akakulia ufukweni. Uzeeni miguu ilimvimba, daktari akamkataza safari ndefu, naye hakutaka kuhama Kahama kwa kuwa mumewe amezikwa hapa. Bhai akamleta fundi kutoka Tanga aje amjengee mama yake kipande cha bahari. Fundi huyo ni Haji. Alikuja kwa kazi ya mwezi mmoja akakaa miaka.

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amepanda kigoda, mkono mmoja umezama majini mpaka begani, anaimba polepole. Nilikuwa nimempelekea ndoo. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitikia, "Wabeja." Hilo, yaani asante, lilikuwa neno lake pekee la Kisukuma na alilitumia kwa kila kitu, kwa salamu, kwa shukrani na hata akijigonga kidole. Nilicheka mpaka ndoo ikanimwagikia miguuni.

Ijumaa moja alikwenda kusali, nami nikapita pale ukumbini nikaona maji yamepungua kwa kiasi cha vidole viwili. Nikawaza, bahari imepungua, basi iongezwe bahari. Nikachota maji ya chumvi aliyokuwa ameyatayarisha stoo, nikajaza mpaka juu, nikarudi kwenye masufuria yangu nikiwa nimefurahi sana na nafsi yangu. Haji aliporudi akatumbukiza kipimo chake cha chumvi, akakitazama, akaja jikoni.

"Nani kaongeza maji?"

"Mimi, Fundi. Yalikuwa yamepungua."

"Umeongeza yapi?"

"Ya chumvi. Si ndiyo bahari?"

Akavuta kiti akaketi. "Sikiliza, Mama Kulwa. Kinachopaa ni maji. Chumvi haipai, inabaki humo humo. Ukiongeza chumvi kila siku, mwisho wa mwezi utatoa samaki humo wa kukaanga, na mpishi hatahitaji hata kuwatia viungo."

Hakumwambia Bhai. Kwa siku mbili alitoa maji kidogo kidogo na kurudishia maji baridi yasiyo na chumvi, halafu akachora mstari kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya Bi Mkubwa. Maji yakishuka chini ya mstari, ongezeni maji baridi tu, yaliyolala kwenye ndoo siku nzima ili dawa ya bomba iishe. Wiki ile ile akamwomba Bhai nihamishwe jikoni niwe msaidizi wake. Alisema hajapata kuona mtu aliyegundua vidole viwili bila kufundishwa.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Vifaa vyenu ni vizuri kuliko vyetu, mna vipimo vya kuwaka taa. Sisi tulikuwa na kipimo cha chumvi kimoja, tulichokifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga, koleo ya mwanzi aliyoichonga Haji mwenyewe, miswaki mikuukuu, na feni ya kupuliza juu ya maji, kwa sababu joto la Kahama linaweza kuwapika samaki wakiwa hai. Umeme ukikatika na jenereta ikigoma, tulichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, kwa zamu, mpaka mkono unakufa ganzi. Wageni walikuwa wakila wali wao huku wakituangalia. Mmoja aliwahi kuniuliza kama maji hayo ni ya dawa.

Samaki hawakuwa shida kubwa. Shida ni vile visivyoagizwa. Mnajua kwamba mawe yanayopamba tangi ni mawe ya baharini, nayo huja na wakazi wake ndani ya matundu. Wiki chache baada ya mzigo wa kwanza kufika nilitia mkono kupanga jiwe, nikahisi vidole vinawaka moto. Ulikuwa mnyoo wenye miiba, mrefu kama kamba ya kiatu, na miiba yake myembamba isiyoonekana ilikuwa imejaa mkononi. Haji akaibandika selotepu juu ya vidole akaibandua, akaibandika tena, kisha akanipaka siki. Alisema minyoo michache haina neno, inasafisha uchafu. Lakini ikizaliana inakula hata walio hai, na nyuma yake wanakuja konokono wadogo na viroboto wa maji ambao macho yetu hayawaoni.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Dawa ukiitia humo, unaua na wenyewe unaowatibu. Tutaajiri."

Aliyeajiriwa alikuja na basi, ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, amewekwa kwenye boksi la samaki wa kuchoma. Alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya chungwa iliyoiva, na mistari sita ya buluu kutoka kichwani hadi mkiani. Tulipomwachia hakujificha kama wageni wengine. Aliingia tundu la kwanza, akatoka, akaingia la pili, akatoka, akakagua tangi zima kabla ya saa sita mchana. Haji akasema, "Huyu ni bwana afya. Sasa utaona, atakagua hadi vyoo." Jina likamganda. Siku ya tatu nilimwona akimvuta mnyoo kutoka tunduni mwake, akampigiza juu ya jiwe huku na huku mpaka akalegea, ndipo akammeza. Ndani ya miezi miwili mikono yangu iliingia majini bila hofu.

Kisha akaja chaza. Haji alikwenda likizo Tanga akarudi naye, amempakata ndani ya ndoo safari nzima. Ganda lake lilikuwa na mawimbi mawimbi, na alipofunguka, nyama ya midomo yake ilikuwa ya buluu yenye madoa ya kijani. Bi Mkubwa alipomwona aliweka mkono kifuani. Alisema akiwa msichana, maji yakipwa, alikuwa akitembea juu ya mawe na dada zake kuwatafuta chaza hao, na kwamba dada zake wote wametangulia. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, aliletewa kiti mbele ya tangi na kikombe cha chai ya maziwa. Alipitisha kiganja chake mbele ya taa, kivuli kikampita chaza, chaza akajifunga. Baada ya muda akafunguka. "Umeona?" alikuwa akiniambia kila siku. "Ananijibu."

Neema, uliwahi kuniuliza kwa nini sikai kwenye kile kiti cha mbele ya tangi hata nikichoka. Ni kiti chake.

Bwana Afya alizeeka vibaya. Samaki wa aina yake wakishalijua tangi wanajiona ndio wenye nyumba. Aliwafukuza samaki wapya, aliwachokoza samaki wawili wenye mistari myeupe mpaka wakahamia kona moja. Nikaanza kumchukia. Halafu nikamwona kwa chaza. Alikuwa akienda pale kwenye ukingo wa ganda, anadonoa, chaza anajikunja kwa kushtuka. Anasubiri, anadonoa tena. Mara tano, mara sita kwa asubuhi moja.

Sasa nieleweni nilivyolelewa. Kwetu tulikuwa na ng'ombe, na wale ndege wa midomo myekundu wanaokaa migongoni wakila kupe. Watu wa mjini wanawasifu ndege hao. Baba yangu aliwatupia mawe. Ng'ombe akiwa na kidonda, ndege akishamaliza kupe anahamia kwenye kidonda, anadonoa, anakunywa damu, kidonda hakifungi. Tulimpoteza fahali mmoja namna hiyo, nami ndiye niliyekuwa nikimchunga. Kwa hiyo nilipomwona Bwana Afya akidonoa mdomo wa chaza sikuwaza mara mbili. Nilikuwa nimeshamwona ndege yule. Nilijua anachofanya.

Nikamwambia Haji.

"Yaya," akasema, wakati huo alikuwa ameongeza neno la pili, la kukataa. "Yuko kazini huyo."

"Anamla, Fundi. Kwetu ndege wa ng'ombe wanafanya hivyo hivyo."

"Chaza si ng'ombe, Mama Kulwa. Angekuwa anamla, midomo ingekuwa imechanika. Imechanika?"

"Bado."

"Basi mwache. Mchokozi ni mchokozi, lakini mwache."

Alinijibu huku anacheka, nami kicheko kile kilinichoma. Nilikuwa na miaka yangu minne pale tangini. Niliona ananifanya bado mwosha vyombo.

Mwezi uliofuata akapigiwa simu kwamba dada yake mkubwa amefariki Tanga. Akaondoka asubuhi na mapema, akaniachia funguo za stoo. Alisema angekaa mpaka arobaini ipite. Siku ya pili ya kuondoka kwake nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaikata shingo, nikaigeuza shingo ndani kama tunavyotengeneza mgono wa kuvulia, nikatia kipande cha nyama ya kamba wa baharini kutoka jikoni, nikaizamisha. Mtego huo mnaujua, nimewafundisha. Bwana Afya hakuweza kuona tundu asiingie kulikagua. Alikuwa amenaswa kabla sijamaliza kufuta kioo.

Sikukusudia kumuua. Ninaandika hivi si kwa kujitetea, ni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimtia kwenye ndoo stoo, nikamwekea pampu ndogo ya hewa, nikafunika kwa sinia asiruke. Nilitaka Haji akirudi amkute mzima na chaza mzima, nimwambie, umeona? Hilo ndilo nililolitaka kuliko yote, kuambiwa nilikuwa sahihi na mtu aliyenifundisha. Kesho yake niliitwa shuleni kwa akina Kulwa na Doto, kikao cha wazazi. Kikao kilianza saa nne kikaisha saa tisa. Umeme wa Kahama ulikatika saa nne na nusu, na jenereta ya hoteli haikufikisha umeme stoo. Nilipofunua sinia alikuwa amelala ubavu na mistari yake imefifia, imekuwa ya kijivu. Nikamzika nyuma ya jikoni, karibu na bomba.

Nilikuwa bado na udongo kwenye kucha Bi Mkubwa alipoletwa kwenye kiti chake.

"Mama Kulwa, yuko wapi yule mkaguzi? Leo simwoni."

Ningeweza kusema. Alikuwa mwanamke mpole, angenigombeza kidogo akanisamehe. Lakini mdomo ulijisemea.

"Aliruka, Bi Mkubwa. Nimemkuta sakafuni amekauka."

"Maskini! Na wavu je?"

Juu ya tangi palikuwa na wavu ambao Haji aliufuma kwa mikono yake, wa kuzuia samaki warukaji. Nikautazama. Nikasema, "Labda una nafasi mahali."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Hayafiki matano.

Chaza alifunguka sana wiki hiyo ya kwanza, midomo imetanda hadi nje ya ganda, hakuna wa kumshtua. Nilisimama pale nikijipongeza kimoyomoyo; hata kifo cha samaki kikaanza kuniingia akilini kama hasara ndogo. Wiki ya tatu niliona kitu cheupe chini ya ganda, kama chenga za mchele. Hotelini kwetu mchele haukosekani popote, nikafikiri ni wali uliodondoka kwa mgeni fulani mjinga. Nikavifyonza kwa bomba. Baada ya siku mbili vilikuwa vimerudi, vingi zaidi. Wiki ya tano Bi Mkubwa alipitisha kiganja chake mbele ya taa. Chaza akajikunja kidogo tu, kwa uvivu. Akapitisha tena. "Leo hataki maneno," akasema, akacheka, lakini chai yake aliiacha nusu.

Haji alirudi Jumanne mchana, vumbi la safari bado liko kwenye kofia. Nilimpa pole ya msiba. Hakuketi. Alitazama tangi kwa muda, kisha akauliza mkaguzi yuko wapi, nami nikarudia uongo wangu, sasa ukiwa laini kinywani kwa kuzoeleka. Akatia mkono, akamgeuza chaza taratibu, akanionyesha kitako chake. Zile chenga za mchele zilikuwa zinatembea. Zilikuwa konokono, weupe, wadogo, kwa mamia, wamejipanga kwenye ukingo wa nyama na mirija yao midogo wakimfyonza, na juu ya ganda palikuwa na ute wa mayai yao.

"Hawa ndio aliokuwa akiwadonoa," akasema. "Kila siku. Mimi nilikuwa siwaoni kwa sababu yeye alikuwa hawaachi wakue."

Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa chini namna ile. Tulimtoa chaza mara mbili kwa siku, tukamsugua ganda kwa mswaki, tukamsuuza, tukamrudisha. Siku ya sita alibaki wazi na hakufunga hata nilipomgusa kwa kidole. Chaza aliyekufa ananuka kuliko mnyama aliyekufa, na harufu ile iliufukuza ukumbi mzima. Tulibadilisha maji mpaka chumvi ya akiba ikaisha. Bi Mkubwa hakutaka kuja kutazama. Alisema tu, akiwa chumbani kwake, "Basi," na akaomba dirisha lifungwe.

Bhai alikuja ukumbini siku hiyo. Hakuwa mtu mkali, ila kwa jambo la mama yake hakuwa na mchezo.

"Haji, niambie kwa lugha ninayoielewa. Chaza wa mama amekufa kwa nini?"

"Kwa konokono, Bhai."

"Na konokono kwa nini?"

"Samaki anayewala hakuwepo."

"Aliruka. Mama ameniambia. Wavu ni kazi ya nani?"

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Haji alipanda kigoda chake, akapitisha vidole kwenye wavu, ubavu kwa ubavu, pembe zote nne, polepole, kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye nywele za mtoto. Akateremka. Hapakuwa na tundu na hapajawahi kuwa na tundu. Hata kidole changu kidogo kisingepita. Akanitazama. Macho yake yalikuwa na utando wa uzee lakini aliniona vizuri.

"Mama Kulwa, watoto wako darasa la ngapi sasa?"

"La kwanza, Fundi."

"Bado safari ndefu." Kisha akamgeukia Bhai. "Wavu ni kazi yangu, Bhai. Kuna mahali pamelegea."

Bhai akasema umri umekwenda, kwamba labda sasa Fundi apumzike, akale pensheni ya upepo wa pwani. Alimpa wiki moja na nauli. Mimi nilisimama na ndoo yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kuanzia pale aliposhuka kwenye kigoda mpaka Bhai alipotoka mlangoni, na nafasi ile ilikuwa ndefu, msidhani ilikuwa fupi. Sikusema.

Wiki ile alinifundisha kuliko miaka minne yote. Alinieleza jinsi ya kumshika chaza, mahali konokono wanapojificha mchana, jinsi ya kulitenga kila jiwe jipya kwenye beseni mwezi mzima kabla ya kuliingiza. Aliniambia, na mliandike mahali: samaki akimdonoa mwenzake, usimhukumu kwa kumwona akidonoa. Mtazame siku saba, na kila akishadonoa, nenda katazame pale alipodonoa, uone pamebaki kidonda au pamebaki safi. Hakunigusia uongo wangu hata kwa mafumbo. Nilikuwa namwombea anitukane. Nilimsindikiza stendi nikiwa na maneno yote yamepangwa, basi likawasha moto, na nilichosema ni "Safari njema, Fundi." Akasema, "Wabeja," akapanda.

Nilimnunulia Bi Mkubwa, kwa kusema na Bhai, bwana afya mwingine, baadaye na chaza mwingine. Alikaa mbele yake kwa adabu lakini hakuwahi kumpitishia kiganja. Siku moja aliniuliza kama Haji aliondoka amekasirika, maana hakuja chumbani kumuaga. Nikasema sijui. Bi Mkubwa alifariki akiwa na jibu hilo la sijui. Mengine mnayajua: matangi ya migodini, lile la tajiri wa Geita aliyetaka papa kwenye sebule, wageni, tuzo ya ukutani. Nimekagua konokono kwa miaka yote hiyo mpaka mkaniita mwenye wivu na chaza. Haikuwa ustadi. Ilikuwa haya.

Baada ya ile sherehe yenu nilimpigia mwuza chumvi wetu wa Dar, ambaye anawafahamu watu wa Tanga, akanitafutia namba ya nyumbani kwa Haji. Juzi Jumapili nikapiga. Ilipokelewa na mwanamke, aliyeniamkia mara aliposikia sauti yangu ya kizee.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mama Kulwa wa Kahama. Namtafuta Fundi Haji."

"Mama Kulwa wa samaki? Mimi ni Mwanaidi, binti yake. Baba ametutoka, Mama. Huu mwaka wa tatu."

Nilimpa pole. Akasema wameshapoa. Alikuwa mchangamfu kama baba yake, akaniambia nilikuwa nikitajwa sana nyumbani kwao, kwamba baba alikuwa akisema kuna Msukuma mmoja Kahama anaona majini kuliko watu wa pwani. Akaendelea, kwa nia njema kabisa:

"Ila kaka zangu walimwonea mzee, Mama. Walimtania mpaka anaondoka. Akitaka kufuma hata wavu wa banda la kuku, wanamwambia, acha baba, yasije yakawa ya Kahama, tumwite fundi. Anacheka naye. Mwisho akawa hafumi tena kitu. Zile sindano zake akampa jirani."

"Mwanaidi," nikasema, "wavu wa baba yako haukuwa na tundu. Samaki nilimtoa mimi, akafia kwangu, nikasema ameruka. Baba yako alijua."

Nilisikia televisheni kwao ikizimwa.

"Subiri, Mama," akasema. "Kaka zangu wote wako hapa, tumekuja kula pamoja. Nakuweka sauti ya juu. Waambie wewe mwenyewe."

Nikasikia viti vikivutwa. Kisha sauti ya mwanamume, sauti ya Haji yule yule kabisa, ikasema, "Shikamoo, Mama."

Sikuitikia marahaba. Nikaanza na wavu.